Bukavu: Watoto wakikua, sapini ya Noeli nayo inabadilika

Mwezi wa kumi na mbili ukifika katikati, kwenye barabara za Bukavu wanaanza kuonekana vijana wenye matawi ya sipresi begani, wamoja wakipanda kuelekea Kadutu, wengine wakishuka upande wa Nyawera. Mgeni anaweza kufikiri ni majani ya mbuzi. Mwenyeji anajua: ni sapini.

Sapini yenyewe, ule mti wa Ulaya, haipo hapa kwetu. Tunachoita sapini ni sipresi, mti ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na uliofika wakati wa ukoloni. Watu waliupanda kando ya parsele, kwenye misioni na juu ya vilima, kwa sababu unakua haraka na mbao zake ni nzuri. Ni mti wa kupandwa, haujitokei wenyewe porini. Kwa hiyo kila sipresi unayoiona ina mwenyewe, na tawi linalouzwa barabarani lilitoka kwa mtu fulani, awe aliombwa ruhusa ao hapana.

Tena kuna namna ya kukata. Ukikata tawi la pembeni, mti unaendelea. Ukikata shina, sipresi haichipuki tena kama vile mkaratusi unavyofanya, imekwisha. Katika mji wa milima kama huu wetu, ambako mvua za Desemba zinabeba udongo hadi ziwani, mizizi ya mti mmoja kando ya parsele ni kitu cha kuhesabu. Kwa hiyo familia inayotaka kununua inaweza kuangalia sehemu ya chini: kama ni shina la mti mzima mdogo, muuzaji amemaliza mti. Kama ni tawi, afadhali. Njia nyingine ni kununua mche wa sipresi kwenye pepinyeri, kuuweka ndani ya ndoo yenye udongo, na kuupamba ukiwa hai.

Ukubwa wa sapini unafuata umri wa watoto. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, tawi dogo juu ya kabati linatosha, kwa sababu kila kitu kinachong'aa kitaishia mdomoni. Tumipira twa kioo na betri ndogo za mapambo haviwekwi chini kabisa. Betri ya duara ikimezwa inaweza kuunguza koo la mtoto, na hapo ni kukimbia hospitali bila kungoja asubuhi.

Mtoto akianza shule ya msingi, ndio miaka mizuri. Anakata nyota kwenye katoni, anakunja karatasi za biskuti, anafunga vifuniko vya chupa kwa uzi. Tena anataka pamba juu ya matawi, iwe teluji, teluji ambayo Bukavu haijawahi kumwangukia hata siku moja. Wazazi wengine wanaona haya wakilinganisha na mapambo ya dukani. Hakuna sababu. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka mji wa Strasbourg, yanayozungumzia miti ya Noeli ndani ya nyumba, yanataja maua ya karatasi za rangi na matunda ya pome. Karatasi ilikuwepo tangu mwanzo. Plastiki ndiyo ilikuja nyuma.

Kwa familia nyingi za kikatoliki, pango la mtoto Yesu chini ya sapini lina uzito kuliko sapini yenyewe. Desturi hiyo inakumbusha usiku wa Noeli wa mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango kule Greccio, Italia. Makanisa mengine hayataki mti kabisa, na nyumba hizo zinafanya sikukuu vizuri tu.

Shida inakuja mtoto akifika miaka 13 ao 14. Anasema sapini ni mambo ya watoto. Lakini umri huo huo ndio anajua bei. Anajua kwamba Januari shule inaanza tena na minervali itaulizwa, na kwamba nguo za Noeli za wadogo wake bado hazijanunuliwa. Kumpa yeye mafranka, aende sokoni Kadutu na kupatana bei, kunamrudisha ndani ya sikukuu kuliko kumlazimisha kutundika nyota. Akirudi na chenji, mara nyingi ndiye atakayechukua kazi ya taa.

Na kwenye taa hapana mchezo. Sipresi ina mafuta yake; ikikauka inawaka kwa dakika chache. Kwenye kata ambako nyumba za mbao zimebanana, moto haujui mpaka wa parsele. Mshumaa usiwekwe kwenye matawi wala karibu yake, hata wakati wa delestaji. Taa za bei ya chini zina nyaya nyembamba: ukigusa ukasikia moto, chomoa. Kabla ya kulala ao kwenda misa ya usiku, zizimwe, maana umeme unaweza kurudi kwa nguvu wakati nyumba haina mtu. Tawi lililokatwa lisimame ndani ya ndoo yenye mawe, mchanga na maji, na maji yaongezwe kila siku.

Halafu wakubwa wanaondoka. Mmoja yuko Kinshasa, mwingine Goma, na kitinda mimba anabaki kupamba peke yake, simu imeegemezwa kwenye kikombe ili kaka zake waone kwenye WhatsApp na kubishana nyota iwekwe wapi.

Wengi wanaondoa sapini baada ya Bonane, karibu na tarehe 6 Januari. Matawi makavu yasiingizwe kwenye babula ndani ya nyumba, yanalipuka. Mche wa ndoo unapandwa mvua zikiwa bado zipo, mbali na ukuta. Kama mtoto aliyeupamba alikuwa darasa la kwanza, siku atakapofanya Exetat mti utakuwa umepita bati, na nyota itahitaji ngazi.