Tuhuma za Mgombea na Imani ya Umma: Funzo kutoka Mpakani

Tuhuma dhidi ya mgombea si jambo la mtu binafsi. Anayesimama jukwaani anaomba dhamana ya umma, na mwombaji wa dhamana hawezi kudai kwamba mwenendo wake haumhusu anayeitoa. Hatuna budi kulichambua suala hili, wala tusiwaachie wapiga porojo.

Tuanze na mazingira. Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ni mji wa mpaka. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia. Ng'ambo ni Nakonde, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Katika mazingira hayo tuhuma mbili huzaliwa upesi: kwamba mgombea ametajirika kwa magendo, na kwamba si raia. Zote ni nzito. Magendo ni jinai. Na Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mbunge awe raia wa Tanzania. Kwa hiyo mpiga kura anayo haki kamili ya kuuliza.

Mgombea ana njia tatu. Akinyamaza, umma utasema lisemwalo lipo. Akimtukana aliyeuliza, au akimwita adui wa Chama, swali litabaki palepale, na wananchi watajua kwamba huyu akishika madaraka hataulizika. Njia ya tatu ni kuijibu tuhuma yenyewe, kwa vielelezo, mbele ya wale walioisikia, na kuviachia vyombo vya sheria vifanye kazi yake. Hii peke yake ndiyo inayojenga imani.

Historia yetu inathibitisha. Mwaka 1976 watu waliteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola mikoani Mwanza na Shinyanga. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakutesa mtu kwa mkono wake. Lakini wizara ilikuwa yake, naye akajiuzulu mwaka 1977. Kujiuzulu hakukumzika kisiasa. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Muungano.

Ndugu Edward Lowassa naye alijiuzulu Uwaziri Mkuu, Februari 2008, kwa suala la Richmond, akilalamika kwamba Kamati ya Bunge haikumhoji. Hakushtakiwa mahakamani, kwa hiyo hakutiwa hatiani wala hakusafishwa. Mwaka 2015, alipogombea Urais kwa tiketi ya CHADEMA, suala lile lile lilirudi majukwaani. Hata hivyo alipata kura zaidi ya milioni 6. Mwaka huo huo Tunduma ilimchagua Frank Mwakajoka wa CHADEMA kuwa mbunge. Kada anayedhani kwamba kumtuhumu mpinzani kunatosha kuwa hoja ya uchaguzi na aitafakari hesabu hiyo. Tuhuma isiyoamuliwa haifi, lakini pia haimwangushi mtu peke yake: kila upande huitafsiri upendavyo, na anayepungukiwa ni umma, unaopiga kura bila kuujua ukweli.

Hapa lazima tutofautishe tuhuma na fitina. Tuhuma hutaja jambo, mahali na wakati, na mwenye kuitoa yu tayari kuitetea. Fitina hunong'onwa usiku wa kuamkia kupiga kura. Ahadi ya mwanachama humtaka aseme kweli na aikatae fitina. Inamfunga mtuhumu kama inavyomfunga mtuhumiwa. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili, wa jembe na wa nyumba, walihutubia mkutano mmoja chini ya usimamizi wa Chama. Aliyesemwa alikuwapo, na aliweza kujibu hapo hapo.

Wajibu wa kada, basi, si kumfunika mgombea wetu. Ni kumtaka ajibu mapema, ndani ya vikao vya Chama na mbele ya wananchi. Akiwa na jibu, alitoe. Akiwa hana, asiteuliwe. Chama kinachoogopa kumuuliza mgombea wake kitaulizwa na umma kwenye sanduku la kura.