Je, Wajua? Kutoka Matinyani hadi Mitelezo ya Maji ya Nyali

Je, wajua kwamba familia ya Matinyani, Kitui, inayowapeleka watoto Wild Waters, ile bustani ya michezo ya maji iliyoko Nyali, Mombasa, haina haja ya kuzungukia Nairobi? Barabara ya Kitui hadi Kibwezi siku hizi ina lami. Unapita Kitui mjini, Mutomo na Ikutha, unavuka Mto Athi na kuingia Makueni, kisha pale Kibwezi unaingia barabara kuu ya Mombasa.

Je, wajua kwamba safari hii ni ya kale? Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai Novemba 1849, akapokewa Kitui na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Tarehe 3 Desemba, akiwa huko Kitui, aliuona Mlima Kenya, jambo ambalo wasomi wa Ulaya walilikataa kwa miaka mingi. Krapf alitembea kwa majuma kadhaa. Leo watoto huamka Matinyani wakalala Mombasa, ila hitaji la maji ya kunywa liko pale pale, maana jua kati ya Kibwezi na Voi halina huruma.

Je, wajua kwamba Mto Athi unaouvuka kabla ya Kibwezi nao unaelekea baharini? Ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na karibu na Malindi, unapomwaga maji yake baharini, unaitwa Sabaki. Ni karibu na mlango wa mto huo ambapo kiboko mchanga alikwama baharini bila mama yake, wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Wavuvi na wenyeji wa Malindi walihangaika hadi wakamwokoa. Akapewa jina Owen, akapelekwa Haller Park, Bamburi, na huko akaandamana na kobe mzee sana aitwaye Mzee, wakila na kulala pamoja. Mtoto wa Ukambani akisimuliwa kisa hiki akiwa darajani, mto wa kwao atautazama kwa jicho jipya.

Haller Park yenyewe ni ajabu ambayo, kwa maoni yangu, inashinda mtelezo wowote. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, pakavu, bila udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu ni 3 tu zilizostahimili, mojawapo ikiwa mvinje. Majani yake yalipoanguka, Haller alileta majongoo wayale, na kinyesi chao kikasaidia kutengeneza udongo. Leo kuna msitu, twiga na viboko. Bustani hiyo haiko mbali na Nyali, kwa hiyo panga siku yake.

Je, wajua kwamba treni ya abiria ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina kituo Kibwezi? Ile inayosimama vituo vya njiani ndiyo ya kuulizia. Inakatiza mbuga ya Tsavo juu ya tuta refu lenye mapito ya ndovu chini yake, na watoto huona wanyama dirishani. Desemba tiketi huisha mapema mno.

Wanaokodi matatu wakumbuke kwamba magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kutoka Kibwezi hadi Mombasa ni takriban kilomita 290, yaani karibu saa 4 bila kusimama hata mara moja, na malori ya mizigo ni mengi. Ukiongeza mapumziko ya Mtito Andei na Voi, siku imekwisha.

Mzazi unayepanga, ondokeni alfajiri, bebeni maji ya kutosha, na dereva akisinzia mwambie asimame. Mombasa haihami.