Golf: gari ya Ujerumani iliyofika hadi Kigali

Mjini Goma, gari inapimwa kwanza na mawe. Barabara nyingi za mitaa zinapita juu ya lava ya Nyiragongo, ile ya mwaka 2002 ikiwa bado inaonekana katikati ya mji, na wenye gari wanapendelea Toyota zenye tumbo la juu. Volkswagen Golf iko chini mno.

Kwingine ilishinda. Ilitoka Wolfsburg mwaka 1974, ikiwa imechorwa na Muitalia Giorgetto Giugiaro, ili kurithi nafasi ya Coccinelle. Injini ilihamia mbele, na mlango wa nyuma ukafunguka mpaka juu: laza viti, pakia magunia. Ile yenye mbio, GTI ya 1976, kiwanda kilipanga kutengeneza 5000 tu. Wanunuzi walitaka nyingi zaidi. Mpaka leo Golf zilizotengenezwa zimepita milioni 35.

Ila Golf inayowagusa Wakongomani ni ya umeme. Oktoba 2019, Volkswagen na Siemens walianza kujaribu e-Golf nne mjini Kigali. Betri za aina hiyo zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Madini yanatoka kwetu. Gari ikasimama kwa jirani.

Kwa hesabu ya kiwanda, e-Golf inatembea kilomita 231 kwa chaji moja. Kigali hadi Goma ni kama 160. Dereva angefika, halafu angeanza kutafuta umeme wa kurudia.