Jua na Nyasi Juu ya Paa

Ndugu msomaji, jua ni la bure, lakini vyombo vya kulinasa si vya bure. Hapo ndipo serikali huingia.

Ujerumani, ambako jua lenyewe ni la kubahatisha, ilitunga sheria mwaka 2000: wenye nyaya walazimike kununua umeme wa paa la mwananchi kwa bei iliyopangwa, na bei hiyo isiguswe kwa miaka 20. Hebu fikiri wewe ndiwe mwenye nyumba! Benki itakukopesha, maana mapato yako yanajulikana. Watu wakajenga kwa wingi, viwanda vikapanuka, bei ya paneli ikashuka hata huku kwetu.

Mji wa Basel, Uswisi, ulianza kwa kubembeleza. Miaka ya 1990 ulitoa ruzuku kwa waliopanda mimea juu ya paa; mwaka 2002 ukalazimisha kila paa jipya la bapa lipandwe. Udongo ule hunywa mvua, na nyumba haigeuki tanuri. Tena paneli ikipata joto jingi hupungukiwa nguvu, kwa hiyo mimea huifaa.

Na sisi je? Mwaka 2020 vifaa vya sola vilirudishiwa VAT, mwaka 2021 vikasamehewa tena. Jamani, nani atathubutu kukopa hivyo? Kanuni za 2024, za kurudisha stima ya ziada kwenye nyaya ili upunguziwe bili, hizo nazipigia makofi.

Mabati ya bweni letu hayawezi kubeba udongo uliolowa. Paneli yangezibeba, na tukiwa na betri, prepu ingeendelea hata stima ikipotea.