Popo na Majira Yake Katika Mashamba ya Makadamia

Popo ni kiumbe aliyesingiziwa mengi. Katika visiwa vyetu vya Zanzibar jina lake limetiwa katika hadithi ya jini popobawa, iliyowahi kuwatoa watu vyumbani mwao wakalala uani. Na hata asiyesadiki hadithi hiyo, akisikia michakacho darini na kunusa harufu ya mavi yake, huona hana budi kumfukizia moshi. Isitoshe, twawachanganya popo wa namna mbili: yule mkubwa alaye matunda, kama popo wa Pemba ambaye haonekani pengine popote duniani, na huyu mdogo asiyegusa embe wala pera, ambaye riziki yake ni wadudu. Huyu wa pili ndiye ninayemkusudia, na ili nimweleze yanipasa nimpeleke msomaji hata Levubu, katika jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Venda wamemchunguza kwa makini mashambani.

Levubu ni bonde lenye rutuba, chini ya milima ya Soutpansberg, na zao lake mashuhuri ni makadamia, mti wenye asili ya Australia, ambao Kenya uliletwa mwaka 1946 karibu na Thika na leo umeenea Murang'a, Embu na Meru. Adui wake mkubwa ni kunguni wa mashambani, khasa yule wa kijani ambaye mkulima akimshika, mkono hunuka kutwa. Mdudu huyu ana mrija mwembamba kinywani, naye huutumia kulichoma ganda lingali laini na kufyonza kiini. Basi kokwa hupukutika changa, au, lililo baya zaidi, hubaki mtini ikiwa nzima kwa nje, hata siku ya kuvunjwa ndipo doa huonekana na bei ikashuka.

Sasa tazama hesabu ya miezi. Miti huchanua Agosti na Septemba. Mvua huanza kunyesha yapata Oktoba. Joto na unyevu vikikutana, wadudu huzaana kwa wingi, na kunguni huongezeka wakati ule ule ambapo kokwa ni changa na dhaifu. Ni majira hayo hayo ambapo popo huzidisha matembezi yake, kwani aghalabu majike huzaa mwanzoni mwa mvua, na mama anyonyeshaye huhitaji chakula kingi kupita kiasi chake cha siku zote. Ikija baridi kavu ya Juni na Julai, wadudu huadimika, na popo naye hujizuia: usiku wa baridi hukaa pangoni au darini, mwili ukapoa na moyo ukapiga polepole, ili mafuta aliyojiwekea yasimwishie.

Mambo haya yamejulikanaje, ilhali popo huruka gizani na kimya? Yakini ni kwamba hayuko kimya hata kidogo. Sikio la binadamu haliwezi kusikia mitetemo inayopita 20,000 kwa sekunde, na popo wengi hupiga kelele juu ya kikomo hicho, wakiusikiliza mwangwi unaowarudia. Hiyo ndiyo siri ambayo mtaalamu Donald Griffin alianza kuifichua huko Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1938. Wataalamu wa Levubu walitundika vinasa sauti mashambani, wakahesabu mapito ya popo na kupambanua jamii zao kwa milio. Kisha wakaokota mavi yao, ambayo sisi twayatupa kwa kinyaa, wakapima vinasaba vilivyomo, na humo wakakuta mabaki ya wadudu waharibifu, kunguni wa kijani miongoni mwao.

Walichokiona ni kwamba popo huzidi palipo na kunguni wengi, na huzidi vile vile shamba linapopakana na msitu au kichaka cha asili. Hapa nawalaumu wakulima, maana wengi wetu twaona fahari kufyeka mpaka ncha ya shamba, tukidhani kila kichaka ni uvivu. Sisemi popo peke yake atatosha: popo wale wenye mkia ulio huru huwinda juu ya vilele, na kunguni aliyejificha ndani ya majani hawampati, lakini kila ampataye hukupunguzia dawa.

Basi, ewe mwenye shamba, ubakize kichaka kile. Na kama popo wa darini wamekuchosha kabisa, usizibe matundu wala usiwashe moshi wakati wa kuzaa, kwani mtoto hana uwezo wa kuruka wiki zake za mwanzo.