Mwana mtu mzima akishtakiwa kwa wizi Uganda: mzazi amtafutie vipi wakili?

Chukua mfano wa kijana wa miaka 24 aliyekuwa akitunza stoo ya duka la jumla. Bidhaa zimepungua, mwenye duka amemtuhumu, na usiku huo polisi wamemkamata. Mama yake anapopigiwa simu huuliza mambo mawili: yuko kituo gani, na ni shilingi ngapi zinazohitajika ili atoke? Swali la kwanza ndilo la kuanzia. La pili, likitangulizwa, huwamalizia wazazi wengi akiba yao kabla mwana hajapata mtu wa kumtetea.

Jambo ambalo familia nyingi huligundua zikiwa tayari mahakamani ni kwamba serikali haimwekei wakili mshtakiwa wa wizi wa kawaida. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale tu kosa linapobeba adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Anayeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ya hatari huingia katika fungu hilo. Anayeshtakiwa kwa kuchukua mifuko ya sukari stoo haingii, ingawa sheria ya makosa ya jinai inaruhusu afungwe hadi miaka 10. Huyu ana haki ya kuwa na wakili amtakaye, lakini kwa gharama yake mwenyewe. Hapo ndipo mzigo unapowaangukia wazazi.

Saa 48 za mwanzo

Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 48, kama hajaachiwa mapema. Inataka pia jamaa zake waarifiwe akiomba, na waruhusiwe kumwona, wao pamoja na wakili wake. Kwa hiyo mzazi anapofika kituoni aulize mambo matatu na kuyaandika: kosa linalotajwa, namba ya jalada, na jina la afisa mpelelezi. Wakili yeyote atakayefuatwa baadaye ataanza kwa kuuliza hayo hayo.

Dhamana ya polisi haina malipo. Mzazi anayeambiwa atoe fedha ili mwanawe aachiwe kwa dhamana hiyo ana haki ya kukataa na kumwona mkuu wa kituo.

Katika muda huo mwana ashauriwe jambo moja: asitie saini maandishi yoyote ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa, na aombe kuzungumza na wakili kabla ya kuandikisha maelezo. Maneno ya kukiri kosa yaliyotolewa mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu, yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Mzazi naye ajizuie kumhoji mwana kwa hasira mbele ya askari, maana yanayosemwa pale husikiwa na wengi.

Wakili ni wa nani?

Aliyetimiza miaka 18 hushtakiwa kama mtu mzima. Mzazi anaweza kulipa ada yote, lakini mteja ni mwana. Yeye ndiye anayeamua kukana au kukubali kosa, na siri zake na wakili hazipaswi kufikishwa kwa mlipaji bila idhini yake. Baba akihisi kwamba wakili anamficha mambo, mara nyingi wakili huyo anatimiza wajibu wake tu. Nafasi ya mzazi ni kutafuta, kulipa akiweza, kuleta mashahidi na nyaraka, na kuhudhuria.

Pa kumpata asiye na uwezo

Kukosa fedha si mwisho wa njia. Chama cha Wanasheria wa Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza, na kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 za huduma bila malipo kila mwaka au alipe fedha badala yake. Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, kina kliniki ya msaada wa kisheria ambako wanafunzi wa mafunzo ya uwakili husaidia washtakiwa maskini katika mahakama za mahakimu wakisimamiwa na mawakili. Mradi wa Justice Centres Uganda, ulio chini ya Idara ya Mahakama, nao hushughulikia maombi ya namna hiyo.

Ofisi hizi hupima kipato cha mwombaji na uzito wa shauri lake. Hivyo ni vyema kwenda na kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 inayoeleza hali ya familia, na nakala ya hati ya mashtaka kama imeshatolewa. Asiyejua pa kuanzia anaweza kumwuliza karani wa mahakama iliyo karibu.

Kwa mwenye uwezo wa kulipa, hatari kubwa ni watu wanaojiita mawakili kwenye viunga vya mahakama. Wakili halali lazima awe na leseni ya mwaka husika, na Chama cha Wanasheria kinaweza kuthibitisha jina lake. Makubaliano yaandikwe: je, ada ni ya kuomba dhamana tu, au ya kesi nzima hadi hukumu? Kila malipo yawe na risiti. Anayeahidi kwamba hakimu “ameshaongelewa” anauza kitu ambacho hana ruhusa ya kukiuza, na anayekinunua anaweza kujikuta kizimbani kando ya mwanawe.

Dhamana ya mahakama

Mshtakiwa wa wizi anaweza kuomba dhamana kwa hakimu hata kabla ya kupata wakili. Wadhamini huwa ni watu wenye makazi yanayojulikana, kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, na mzazi anaweza kuwa mmoja wao. Fedha za dhamana zikidaiwa, zilipwe kwa utaratibu rasmi na risiti itunzwe, kwa kuwa hurudishwa kesi inapomalizika iwapo mshtakiwa amehudhuria ipasavyo. Dhamana ikikataliwa, njia haijafungwa. Katiba inaelekeza kwamba aliyekaa rumande siku 60 bila kesi kuanza kusikilizwa, kwa kosa la aina hii, aachiwe kwa dhamana yenye masharti yanayofaa.

Kurudisha mali hakufuti kesi

Wazee wengi hukimbilia kumlipa mlalamikaji yaishe. Usuluhishi ni jambo jema, lakini wizi ni kosa kubwa la jinai na kesi ni ya serikali. Mwenye kauli ya kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si mwenye duka. Zaidi ya hayo, malipo yaliyofanywa bila ushauri yanaweza kufasiriwa kama kukiri. Mazungumzo hayo yapitie kwa wakili na yaandikwe. Hali kadhalika, utaratibu wa kukubaliana na mwendesha mashtaka juu ya kukiri kosa, unaotawaliwa na kanuni za mwaka 2016, usiingiwe kabla mwana hajaelezwa anachokubali na anachokipoteza.

Lugha ya kesi

Kiingereza ndicho lugha ya mahakama. Mshtakiwa asiyekielewa, akiwamo mzungumzaji wa Kiswahili, ana haki ya mkalimani bila malipo, na haki hiyo imo katika Ibara ile ile ya 28. Aidai siku ya kwanza, kabla hajajibu mashtaka. Kijana anayejibu “ndiyo” kwa heshima, bila kuelewa alichoulizwa, anaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa.

Mama wa kijana wa stoo, akirudi nyumbani jioni ya siku ya kwanza, anapaswa awe na daftari lenye namba ya jalada, jina la mpelelezi, tarehe ya kufika mahakamani na anwani ya ofisi ya msaada wa kisheria atakayoiendea asubuhi. Fedha alizotoka nazo ziwe bado mkobani, zikisubiri kazi yenye risiti.