Je, Wajua? Masikio Yanavyojidanganya, Kutoka Korogwe Hadi Handeni

Je, wajua kwamba mpiga debe wa stendi ya Korogwe anaweza kukuimbia bila kuimba? Mwaka 1995 Diana Deutsch, mtafiti wa saikolojia ya muziki huko California, alikuwa akihariri rekodi ya sauti yake. Maneno machache ya kawaida yakabaki yanajirudia spikani, na baada ya muda akayasikia kama wimbo, ingawa hakuna kilichobadilishwa. Basi simama kando ya anayenadi “Handeni, Handeni, Handeni!” uone kama kichwa hakitaanza kutikisika.

Singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam, unaishi kwa marudio hayo. Mtayarishaji hukata kipande kifupi, mara nyingi cha kinanda cha taarabu, akakizungusha na kukikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Sikiliza “Poaa”, albamu ya kwanza ya mtayarishaji Bamba Pana, iliyotolewa mwaka 2018 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Utaapa kipande kimebadilika, kumbe umebadilika wewe.

Na besi ya kwenye simu? Haipo. Spika ile ndogo haiwezi kutoa mtetemo wa hezi 100, lakini hutoa vizuri zaidi 200, 300 na 400. Ubongo ukizisikia hizo hukisia mzazi wao ni 100, ukamweka mwenyewe. Ndiyo maana sauti nzito ya mjomba hubaki nzito simuni, japo simu za waya hazikupitisha chochote cha maana chini ya hezi 300.



Hadaa ya masikio ninayoipenda zaidi ni ya mwanasaikolojia Roger Shepard. Mwaka 1964 alitunga kwa kompyuta sauti inayopanda bila kikomo. Ni sauti kadhaa zilizopangwa oktava kwa oktava; ya juu ikififia, nyingine inachomoza kimyakimya chini. Kujua siri hakusaidii, bado utaisikia ikipanda. Ngazi yenyewe ina hatua 12 tu, na ya 13 ni ileile ya kwanza.